Kijiko cha Mashine Namba Nne

Barua ilisema kuanzia Jumatatu mimi ni mwanagenzi. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama mbele ya mashine namba nne, mashine niliyoiendesha miaka kumi na tisa, kisha nikacheka mpaka wasichana wa meza ya kufungasha wakadhani nimepata urithi. Mwanagenzi! Nina miaka arobaini na saba, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, na nusu ya mafundi wa kiwanda kile ni mimi niliyewafundisha kutofautisha kwa pua plastiki iliyoiva na plastiki iliyoungua. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakutuachia neno lolote kuhusu samaki aliyekwisha kukaushwa.

Barua ilitoka kwa meneja, ambaye tulimwita Sekunde kwa sababu hakukuwa na kitu kingine alichokipenda hapa duniani. Wanaume wengine hutembea na picha za watoto wao. Yeye alitembea na saa ya kupimia mbio, akija anasimama nyuma yako na kuhesabu. Kwake beseni moja lilikuwa sekunde thelathini. Thelathini na moja ni uvivu, thelathini na mbili ni wizi.

Sasa wanunuzi wakubwa walikuwa wamemwambia hawatachukua tena mabeseni ya kiwanda chenye mafundi wasio na vyeti. Ndipo akakumbuka kwamba elimu haina mwisho. Tungefundishwa miezi minne, halafu mtihani, na mtahini angetoka nje ya kiwanda. Atakayefaulu atabaki kwenye mashine yake na cheti chake. Atakayeshindwa atahamia meza ya kufungasha, abandike nembo kwenye matako ya mabeseni mpaka astaafu. Sina ugomvi na wafungashaji. Lakini namba nne naijua kama ninavyolijua tumbo langu, najua inapotaka kulia kabla haijalia. Kunitoa pale na kunipa gundi ilikuwa ni kunizika huku nakohoa.

Hayo ningeyameza. Kilichonikwama kooni ni mkufunzi.

Mkufunzi alikuwa mtoto wa kaka yangu. Aliletwa kwangu akiwa na miaka sita, na begi moja na kikohozi, na hajaondoka mpaka leo. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Akaenda chuo cha ufundi miaka miwili, akarudi na cheti chenye fremu, kofia ngumu isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na kalamu nne kwenye mfuko wa shati. Kalamu nne! Nikamuuliza kama anaandika kwa mikono yote na miguu. Jumapili jioni, siku moja kabla ya mafunzo, alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Shangazi, usinichukulie vibaya. Pale kazini itabidi nikuite kama wengine."

"Utaniita nani?"

"Mwanagenzi namba saba."

"Sawa. Na mimi nikitaka kukuita uje ule, nikuite mkufunzi au nikuite kikojozi?"

Alicheka kidogo, lakini kesho yake aliniita namba saba mbele ya watu, bila kupepesa macho.

Darasa lilikuwa stoo ya zamani, bado inanuka rangi. Tulikuwa mafundi kumi na wawili, watu wazima wenye wajukuu, tumekalishwa kwenye viti vya chekechea tulivyovitengeneza wenyewe. Siku ile ndipo tulipojua kwa matako yetu kwamba vile viti vina kasoro. Mkufunzi aliandika ubaoni: PLASTIKI NI NINI?

"Plastiki ni polima," akajijibu. "Na polima ni mnyororo mrefu."

"Nimeushika mnyororo huo miaka kumi na tisa," nikasema, "haujanifunga hata siku moja."

Darasa lilipasuka. Yeye akaandika kitu kwenye daftari lake, na masikio yakamcheza. Nisiwe mnafiki: mtoto hakuwa mjinga. Mimi nilijua kwamba punje za plastiki zikipata unyevu, beseni linatoka na michirizi ya fedha. Yeye alijua kwa nini. Mimi nilikuwa na dawa, yeye alikuwa na jina la ugonjwa. Lakini sikumwambia hivyo, ningemwambia ili iweje?

Kwenye mashine, hata hivyo, alikuwa mzigo. Na hapa lazima nieleze habari ya kijiko.

Mashine ya mabeseni ina moldi ya vipande viwili vya chuma, kila kimoja kizito kuliko gari. Kimoja kimesimama, kingine kinakwenda na kurudi. Vikikutana, plastiki ya moto inamiminwa katikati. Vikiachana, beseni liko tayari, unalichomoa kwa mkono. Mbele ya moldi pana mlango wa chuma wenye dirisha. Ukiufungua, swichi inakata na mashine inasimama kama nyumbu aliyekasirika. Ukiufunga, inaendelea. Ni mpango mzuri, isipokuwa kufungua na kufunga kunakula sekunde tano kwa kila beseni, na meneja wetu mnamjua.

Basi unachukua kijiko, unaugonga mpini wake kwa nyundo mpaka ubapae, unaukunja ncha, unauchomeka kwenye swichi. Mashine inaamini mlango umefungwa, kumbe uko wazi. Moldi inafunguka na kufumba kama mdomo wa mtu anayetafuna, nawe unatia mkono ikifunguka, unautoa kabla haijafumba. Sekunde thelathini kamili.

Kila fundi alikuwa na kijiko chake. Hukinunui wala hukitengenezi. Unapewa na yule aliyekufundisha, siku anapokuachia mashine peke yako. Hicho ndicho kilikuwa cheti chetu, na hakikuhitaji fremu. Changu, chenye nyota iliyochorwa mpinini, nilipewa na mzee mmoja tuliyemwita Vidole Vitatu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo mkono wa kulia. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alikuwa akisema, "lakini vitatu vinavunja na kumzika." Ukimuuliza vingine viko wapi, leo atasema vililiwa na mbwa, kesho atasema viliondoka pamoja na mke wake wa kwanza. Tulicheka kila mara. Alikuwa fundi hasa, hakuna aliyemfikia.

Na Sekunde je, alijua? Kantini palikuwa na tangazo lenye sahihi yake: ANAYEIBA VIJIKO ATACHUKULIWA HATUA. Kila fundi mpya alipopata mashine vijiko vilipungua, akanunua vingine, hakuuliza neno. Alipita kila siku mbele ya milango kumi na miwili iliyo wazi, macho yake yakiwa kwenye saa. Kama hilo si kujua, basi hata mimi sijui nilikozaliwa.

Wiki ya tatu mkufunzi alitusomea sura ya mlango. "Swichi ya mlango isizibwe kwa namna yoyote ile." Akatutaka turudie, tukarudia kwa pamoja kama watoto wa madrasa, watu kumi na wawili wenye vijiko kumi na viwili mifukoni. Akaandika kwenye daftari la kila mmoja: Mlango, umefundishwa, umeeleweka. Kisha tukarudi kwenye mashine, kila mtu akachomeka kijiko chake, na mkufunzi akainua uso kuhesabu misumari ya paa. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote. Mtu anayekataza aangalie anachokikataza.

Lakini yeye mwenyewe hakutumia. Alipokuja kufanya mazoezi kwenye namba nne, alifungua mlango, akachomoa beseni, akafunga mlango, taratibu, kama kitabu kilivyosema. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapata mzaha wangu. Kila alipofungua nilimwinamia nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibu ndani, mkufunzi! Usivue viatu." Wasichana wa meza ya kufungasha walikufa kwa kicheko. Wiki iliyofuata hawakunihitaji tena. Akishika tu mpini wa mlango, wanaimba wenyewe, "Karibu ndaaani!" Shati lake lililowa mgongo mzima.

"Shangazi," aliniambia siku moja tukila, "wale wasichana wananicheka."

"Waache wacheke. Kicheko hakimkati mtu."

Akaendelea kula. Baada ya hapo, mazoezi yake mengi yakawa kusimama pembeni kunitazama. Mimi mwanagenzi nafanya kazi, yeye mkufunzi ananiangalia mikono, na mwisho wa siku anatia sahihi kwamba nimejifunza. Nilimweleza kila mtu kichekesho hicho.

Asubuhi ya mtihani aliniandalia chai yeye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku nilipougua.

"Shangazi, kile kijiko leo usiende nacho."

"Kwani nitakitumia? Mimi mtoto?"

"Mkono wako unaenda mfukoni wenyewe. Nimeuona. Mtahini akikiona, cheti hupati, na namba nne imekwenda. Nipe nikuwekee."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Nikakitoa, nikakibamiza mezani mbele yake. "Chukua. Usije ukakorogea chai tu, kina grisi." Akacheka, akakitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya zile kalamu nne.

Mtahini alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu bapa na maneno machache. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau, akaniharibia. Alipofika kwenye namba nne, kabla hajafungua karatasi zake, aliweka kiganja juu ya ubavu wa mashine akasikiliza, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikajua huyu amewahi kuchafuka kwa grisi.

Nilipewa saa moja, ianze kuhesabiwa mashine ikishatoa beseni safi. Alikuwa ametia kwa makusudi mabaki mengi mno yaliyosagwa kwenye faneli, pamoja na punje mpya. Nilisikia mashine ikimeza kwa shida, nikanusa, na beseni la tatu likatoka na mistari myeusi. Nikamwaga kila kitu, nikasafisha, nikapunguza moto, nikatupa mabeseni matano ya kwanza bila kuambiwa. Mara mbili mkono ulienda mfukoni, ukakuta leso. Nikafungua mlango, nikafunga, nikafungua, nikafunga, najiona bwege mbele ya watu wote. Hakuna aliyethubutu kuniimbia karibu ndani. Mimi si mtu wa kuimbiwa.

Mabeseni mia moja na moja. Sekunde alikunja uso utadhani nimemtapikia, maana saa moja kwake ni mia na ishirini. Mtahini hakumtazama hata.

"Umefundishwa na nani?" akaniuliza.

"Na mashine."

Nusura atabasamu. "Umefaulu. Cheti chako nitakitia sahihi jioni."

Nilisimama pale kama bibi harusi. Miaka kumi na tisa, na hatimaye karatasi! Nilitaka kuwaonyesha wote, na wa kwanza ni yule kijana mwenye fremu. Ndipo mtahini akageuza ukurasa akasema, "Na mkufunzi naye. Nusu saa." Kumbe ilikuwa sheria, anayefundisha naye apimwe.

Sekunde alimsogelea. Nilikuwa karibu, nilimsikia. "Mabeseni sitini. Usiniaibishe mbele ya mgeni."

Alianza vizuri. Alifungua, alichomoa, alifunga. Mabeseni yake yalikuwa safi, nakiri, kingo zake hazikuwa na ndevu za plastiki hata moja. Lakini Sekunde alikuwa anahesabu kwa sauti pale nyuma, "Thelathini na saba. Thelathini na sita. Thelathini na nane," na kila namba ilimpiga mtoto begani. Kisha kutoka meza ya kufungasha ikaja sauti nyembamba, "Karibu ndani, mkufunzi." Kicheko kikafuata, kimebanwa kwa viganja.

Ulikuwa mzaha wangu, neno kwa neno, hata na pozi langu la mwenye nyumba. Na mimi nikatabasamu. Hilo ndilo ninalolieleza kwa shida. Nilitabasamu, naye akageuka, akaniona.

Mkono wake ukaenda nyuma ya zile kalamu nne.

Hakuwahi kukitumia kijiko maishani mwake, lakini alikuwa amenitazama miezi minne. Alikishika kwa mkono wa kushoto kama mimi. Alikisukuma kwa dole gumba kama mimi, akauzuia mlango kwa nyonga kama mimi, hata ule mtikiso wa kiwiko ninaoufanya bila sababu yoyote, aliufanya. Mtahini alikuwa ameinamia karatasi. Beseni la kwanza likatoka, la pili, la tatu. "Thelathini!" akasema Sekunde kwa sauti ya mtu aliyeonja asali. Mtoto akatabasamu.

La nne lilinasa ukingoni.

Beseni likinasa vile, linatoa mlio mdogo, kama mtu anayefyonza jino. Ukiusikia unaliacha. Unaiacha moldi ifumbe, beseni linaharibika, unalitupa, maisha yanaendelea. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu mkono wangu ulikuwa unalijua bila mimi kulisema. Yeye alitia mkono wa pili, akaingia mpaka vifundoni, akavuta. Na moldi ikaanza kufumba.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka kitufe chekundu chini ya kiganja changu, nilikipiga kwa nguvu hata kifundo cha mkono kikaniuma wiki mbili. Mashine ikapiga kelele, ikasimama. Kati ya chuma na chuma palibaki nafasi, baadaye niliipima kwa kibiriti. Kibiriti kilipita kikiwa kimelala. Kikisimamishwa, hakikupita. Ndani ya nafasi hiyo kulikuwa na mikono ya mtoto wa kaka yangu, imelala juu ya beseni, imechubuka kifundo kimoja tu. Walipoirudisha moldi nyuma, aliitoa mikono, akaiangalia upande huu na upande ule, kisha akatapika ndani ya beseni jipya.

Hakuna aliyecheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wote tulikuwa tunautazama.

Mtahini alikichomoa kijiko kwenye swichi kwa kucha mbili. "Hiki ni cha nani?"

Wa kwanza kujibu alikuwa Sekunde, na alijibu haraka kuliko mashine yoyote pale ndani. "Cha kantini! Kimeibwa! Tumeweka hata tangazo, nenda kalione." Kisha akamgeukia mtoto. "Mkufunzi, umenishangaza. Wewe ndiye uliyesoma, wewe ndiye uliyefundisha sura ya mlango. Kesho usije."

Mtoto alinigeukia. Alinitazama. Hakunitazama kwa kunilaumu. Alinitazama kama siku alipovunja kioo cha dirisha akiwa na miaka saba, akisubiri aone nitakuwa na uso gani.

Cheti changu kilikuwa pale, kwenye karatasi za mtahini, kinangoja sahihi tu. Ningenyamaza, namba nne ingekuwa yangu mpaka kustaafu. Yeye kijana, ana kofia, ana fremu, angepata pengine. Yote hayo yalipita kichwani, na sitadanganya kwamba yalipita upesi.

"Changu," nikasema.

"Shangazi—"

"Nyamaza wewe. Mama mtahini, kijiko ni changu. Nilipewa na aliyenifundisha kazi. Huyu hajakiiba, nimempa mwenyewe leo asubuhi anifichie, ili wewe usinione. Nimekitumia miaka kumi na tisa mbele ya huyu bwana mwenye saa. Na kama unataka vingine, fuata mstari huu mpaka mwisho. Usiangalie mashine. Angalia mifuko."

Mtahini alichukua beseni tupu, akaanza kutembea. Hakuna aliyekimbia. Kimoja kimoja vikaanguka, kengeng', kengeng', mafundi wamegeuza nyuso ukutani. Aliporudi beseni lilikuwa na vijiko kumi na kimoja. Akatupia na changu.

"Sijawahi kuviona," akasema Sekunde. "Naapa."

"Sekunde thelathini," akasema mtahini. "Mlango ukifunguliwa na kufungwa, inawezekana?"

"Inawezekana mtu akijituma."

"Basi tuonyeshe."

Ah, ningependa kila mfanyakazi aone jambo hilo mara moja kabla hajafa. Alisimama mbele ya namba nne na shati lake la kola ngumu, akahangaika na mpini wa mlango, tai ikajipaka grisi, beseni likamtoka mikononi likabingirika mpaka kwenye meza ya kufungasha. Mtahini alikuwa ameshika saa ile ile. "Hamsini na mbili," akasema. Nilicheka kwa sauti, na kicheko hicho sikijutii.

Msidhani alifukuzwa. Watu kama yeye hawafukuzwi, wanaandikiwa barua tu. Leo hii anawaambia wageni kwamba mabeseni mia moja kwa saa ni wazo lake, kwa kuwa usalama kwanza. Swichi zimefungiwa ndani ya masanduku ya chuma, hata sindano haipenyi. Mitihani yote ilifutwa, wenzangu wanaanza upya. Mkufunzi alipewa onyo, akabaki, maana mtahini aliandika kwamba mabeseni yake ya kwanza yalikuwa bora kuliko ya wote. Mimi nimezuiwa kufanya mtihani mwaka mzima. Niko meza ya kufungasha, nabandika nembo. Wasichana waliniachia kiti kizuri bila kunitazama machoni.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Vidole Vitatu. Anaishi kwa mwanawe, chumba cha mbele, televisheni inapiga kelele mpaka vioo vinatetemeka. Nilimsimulia yote. Kwenye tai ya Sekunde alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika kwenye kibiriti kilichopita kikiwa kimelala, alichukua rimoti akapunguza sauti.

"Kijiko kile chenye nyota?"

"Hicho hicho."

Akainua mkono wa kulia, akaugeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha. "Ndicho hicho. Na namba nne hiyo hiyo. Beseni lilinasa."

Mtoto mdogo angekuwa ameshajua zamani. Miaka kumi na tisa mimi nimecheka habari ya mbwa na ya mke wa kwanza, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kuhesabu.

"Na ukanipa?" nikasema. "Kikakukata vidole, ukakifuta, ukanipa mimi?"

Alinishangaa kweli, bila hila. "Sasa ungefikishaje mia na ishirini? Na mimi nilipewa."

Niliondoka bila kumaliza chai. Njia nzima nilikuwa nakusanya matusi ya kumrudishia, matusi mazuri, mimi si haba kwa matusi. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani nilipoisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya asubuhi ya mtihani: Chukua. Usije ukakorogea chai tu, kina grisi. Yule mzee walau alinikabidhi bila mzaha.

Mtoto alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Shangazi, mbona unaniangalia mikono?"

"Wewe menya."

Akaendelea kumenya. Nilianzia dole gumba la kushoto, nikahesabu mpaka kumi, nikaanza tena.